Milango ya Nyumba Yetu

3 Februari

Binti yangu mpendwa,

Natumaini kikohozi chako kimekwisha na unakula vizuri. Mimi ni mzima, ila goti hulalamika kila ninapoinama kupiga randa.

Simu nimeizima, ndiyo maana hunipati. Kijana wa benki ana sauti ya upole kama mchumba, lakini hunipigia kabla sijanawa uso. Mkopo tuliouchukua kwa matibabu ya marehemu mama yako umenielemea, nami nimechelewesha marejesho. Nyumba ndiyo dhamana. Siku hizi watu hununua milango ya chuma dukani. Sisi maseremala tumebaki kutengeneza miguu ya viti.

Sitakwenda kumlilia mtu anipunguzie deni nililolikubali kwa saini yangu. Usihangaike, nina njia yangu. Chumba chako kinakungoja, nakifagia mwenyewe.

Baba yako

20 Februari

Baba, shikamoo.

Kikohozi kimepona. Goti ulikande kwa maji ya moto, usilipuuze.

Nimezungumza na ofisa mikopo. Nilimpigia nikiwa kazini, katikati ya mashine za kufulia mashuka ya hoteli, nikilazimika kupaza sauti. Msimamizi akaniuliza kama nagombana na mume. Nikamwambia, heri angekuwa mume.

Baba, kuna utaratibu. Wanaweza kuurefusha muda wa mkopo ili marejesho yapungue, nami nitachangia kila mwezi. Uende ukaonane naye, kisha mthamini aje kuikagua nyumba. Thamani yake ikilifunika deni, watakubali. Ikishindikana, tutaruhusiwa kuiuza wenyewe kabla ya mnada, ubaki na cha kununulia kijumba. Ila usiuze wala usibomoe kitu chochote kabla mthamini hajafika. Nakusihi, nenda.

Mwanao

26 Februari

Binti yangu,

U hali gani? Mimi leo nimeamka mwepesi. Kama umeniandikia, barua haijafika bado, lakini nina habari njema.

Alipita hapa bwana mmoja anayejenga hoteli, akasimama mbele ya mlango wetu mkubwa kama mtu aliyekutana na ndugu yake. “Mzee, huu ulikuchukua muda gani?”

Nikamjibu, “Nilianza mke wangu akiwa mjamzito, nikamaliza mtoto anasimama dede.”

Ameuchukua huo, na milango ya ndani yote, na madirisha pamoja na fremu zake. Fedha nilizipeleka benki siku ile ile, nikalipia dirishani kwa keshia, nikaondoka bila kumwomba mtu lolote.

Mlango wa chumba chako nilitaka kuubakiza. Bwana yule akasema hachukui pungufu. Nimeutoa, mwanangu. Nitakuchongea mwingine, mikono ninayo. Kwa sasa nimetundika turubai.

Baba yako

19 Machi

Binti yangu,

Nakuombea uzima. Kuhusu mimi, usiniulize.

Barua yako ilifika milango ikiwa imekwisha kuondoka. Nilikwenda kwa ofisa wako. Ni kijana mwenye adabu, alinyanyuka akanipa kiti chake. Akanieleza kwamba fedha zangu zote zimemezwa na faini na riba, deni lenyewe halikuguswa. Ningekwenda kwake kwanza, faini angeniombea zifutwe.

Mthamini naye alikuja. Akazunguka nyumba nzima, akachungulia matundu ya madirisha. “Pole, mzee. Wezi hawa hawana huruma.”

Nikamwambia, “Mwizi ni mimi.”

Akacheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki.

Thamani haikutosha. Ombi limekataliwa. Wanunuzi wawili wamefika, wakatazama, wakaenda zao. Sasa wanatangaza mnada.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo.

Natumaini shangazi anakuletea chakula, nawe unakila.

Sina hasira nawe. Deni lilikuwa la Mama, na Mama alikuwa wetu sote. Ningekuwa nimekuja tangu mwanzo, tungekwenda benki pamoja, ungenikemea njia nzima, na tungefika.

Nimeomba likizo na nimekata tiketi ya ndege. Naja mwezi ujao. Iwe kuna nyumba au hakuna, naja.

Mwanao

30 Aprili

Binti yangu, mama yangu mdogo,

Salamu nyingi. Nyumba imeuzwa. Dalali alimaliza kazi yake kabla jua halijawa kali. Bei iliishia kwenye deni, hakikubaki kitu.

Nimepanga chumba nyuma ya duka la mshonaji. Kitanda kimekijaza, hata kiti hakiingii. Ukifika, nitakulaza wapi? Nitakuachia kitanda nikalale nje, nawe utakataa, tutabishana mpaka kuche. Unirehemu. Usinikute hivi.

Usije kwanza. Nikipata mahali pa kumpokea mtoto, nitakuandikia.

Baba yako

11 Septemba

Baba, shikamoo.

Sijui kama u mzima. Hii ni barua yangu ya nne bila jibu. Shangazi anasema ulihama kwa mshonaji ukiwa umebeba sanduku la zana tu, na hukumwambia mtu unakokwenda. Nawatumia barua hii mafundi wenzako. Wamesema wakikuona watakupa.

Fedha za tiketi hazikurudishwa. Ndege iliondoka, nami nilikuwa kazini nikikunja mashuka, kwa sababu ulisema nisubiri.

Nilikutii, Baba. Sasa niandikie.

Mwanao