Mkono wa Mjomba Begani

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni karani kijana, kazi yangu ni kugonga mihuri dirishani, na tangu baba afariki mjomba hunichukua porini kuwinda kwa bunduki ya baba, kwa kibali halali. Mjomba haongei porini. Mnyama akiwa wa kupigwa hukugusa bega mara moja, basi, nawe unapiga, ndivyo alivyokuwa akimgusa baba, na mimi nimeutamani mkono huo tangu utotoni kuliko hata nyama yenyewe.

Mwezi uliopita mkono huo ukanigusa. Tandala dume alisimama ng'ambo ya korongo, mbali, kichaka kimemziba kuanzia bega hadi mbavu, nikaona shingo na tumbo tu, upepo unayumbisha matawi, nikabana pumzi nikingoja apige hatua moja, hakupiga, pumzi ikaniishia, nikashusha bunduki, naye akageuka akaenda zake. Mjomba akauliza, "Vipi?" Nikasema, "Sijui, mjomba." Binamu yangu, tuliyekuwa naye, akacheka: "Karani huyu! Alitaka tandala apange foleni kwanza." Mjomba hakunitazama tena siku ile, na sasa amesema nikishusha Jumamosi bunduki ya baba atapewa binamu, nami nitabeba maji. Kila nikigonga muhuri nausikia ule mkono begani. Je, nikiguswa tena nipige tu, liwalo na liwe?

Karani Mwoga

Karani,

Hilo la "mwoga" umejipa mwenyewe, mimi silitumii. Pole kwa msiba wa baba. Lakini ngoja nikukaripie kidogo. Bega limezibwa, mnyama yuko mbali, pumzi imekuishia, halafu unaniuliza kama mara nyingine upige tu? Ungepiga siku ile ungempata tumboni, mngefuata damu mpaka giza liingie na pengine msimwone, naye angekufa polepole kichakani. Hilo ndilo ungelisikia kila ukigonga muhuri.

Kosa lako ni lile "sijui". Ulijua! Mjomba alikuwa nyuma yako. Kichaka ulikiona wewe uliyelenga. Mkono wake unakwambia mnyama yupo. Kama risasi ina njia, anayejua ni aliyeshika bunduki, na ni wajibu wake kusema.

Nenda kwake kabla ya Jumamosi, umweleze ulichoona, bila kujitetea. Muulize pia baba yako aliguswa akaacha mara ngapi. Sidhani kama atakujibu kwamba hakuacha hata mara moja. Huko porini, bega likiwa wazi, umeegemea kitu imara na pumzi imetulia, piga, usitafute kisingizio, maana woga nao hupenda kujiita busara. Likizibwa, shusha, useme, "Bega limefichwa, mjomba." Binamu acheke, kicheko hakitoboi ngozi.

Na bunduki ikienda kwake, beba maji, utembee karibu na mjomba. Porini haongei, umesema. Lakini njia ya kurudi nyumbani ni ndefu, na hapo hakuna mnyama atakayekimbia mkimtaja baba yako.