Somo wa Happiness

Jumatano, 7 Julai 1993
Asubuhi nimemimina chai nje ya kikombe. Tena! Tangu wanitoe jicho la kushoto kule Dar, kila kitu kimesogea kidogo. Sista Grace wa zahanati anasema kansa imeisha, kichwa kikiuma si lazima iwe imerudi. Akaniuliza kama ninalala. Nikasema nalala. Uongo mtupu.

Jumapili, 11 Julai
Sikwenda misa. Baadaye dada Anastasia kapita hapa na mjomba Laurenti. Nikamwamkia. Mjomba hakuzunguka: mwali wetu Happiness, binti wa dada, anatolewa ndani tarehe 24, na mimi ndiye somo wake ninayemfunda, nimshike mkono mpaka uwanjani mbele ya watu. Uso wazi, kama desturi. Mimi! Dada akauliza, na nikivaa miwani nyeusi ya mitumba je? Nikasema hapana. Sitoki.

Alhamisi, 15 Julai
Nimeingia kwa mwali, mafunzo lazima yaendelee. Yule mtoto kaniomba apaone pale palipokuwa na jicho. Nikafungua mtandio ninaojifunikia uso. Katazama weee, kisha akauliza kama panawasha. Panawasha! Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza. Tulicheka mpaka dada akagonga ukuta. Jioni nikamaliza ugali wote.

Jumatano, 21 Julai
Nalala sasa. Kweli, si ile ya kumwambia Sista. Nimepalilia kabichi kule mteremkoni, taratibu, sikuanguka. Nafikiri nitamtoa mwali mwenyewe. Naogopa sana lakini nataka. Nitamwambia dada.

Ijumaa, 23 Julai
Nimechelewa. Dada kaja anatabasamu: wamemwomba Mwaisha, binamu yetu wa Kihonda, amtoe mwali, mimi nipumzike. Akanishika bega. Wamenihurumia! Nimekasirika kweli — tangu operesheni sijawahi kuwa na nguvu ya kukasirika. Nikajibu asante. Asante! Mdomo huu.

Jumamosi, 24 Julai
Ngoma zimeanza. Mwaisha yuko chumba cha pili anamvika mwali shanga. Nasikia Happiness anauliza mama mdogo yuko wapi. Mwaisha anamjibu kwa upole kwamba mama mdogo mgonjwa. Mgonjwa!
Nimevaa kanga mpya. Mtandio nimeukunja, nimeukalia. Dada kasimama mlangoni, ananisemesha kwa ile sauti ya wodini: nisijisumbue, pilau wataniletea humu humu.
Nimemwambia anipishe, mwali namtoa mimi. Bado kasimama —