Reli Imefika Kasulu

Kasulu Mjini

Kwa Baba yangu, gadi mstaafu, Tabora.

Shikamoo Baba.

Najua barua hii unaisoma kibarazani, miwani imeteremka puani, na umeshaguna kwa nini sikupiga simu. Simu unanikatia, Baba. Kila nikitaja safari ya Kasulu, ghafla mtandao wa Tabora unakuwa mbaya. Karatasi huwezi kuikata. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi cha asubuhi kimepungua? Huku kwetu wazima, ila mvua haitupi nafasi, na juzi nyuki wa Kitanga waliniuma kope nikakagua mizinga kwa jicho moja. Mkweo Mwajuma alinicheka hadi ugali ukaungua. Ndiyo kazi ya bwana nyuki, silalamiki. Zuhura wetu anakimbia sasa, na ana maneno kama mwenye jina, marehemu Mama. Wewe hujamwona. Linaniuma, Baba, nimelisema mapema ili nisilirudie kwa hasira.

Unakumbuka ulivyoniambia nilipooa huku? "Mimi nimezeekea kwenye behewa. Gari halina gadi, halina bendera, dereva anaondoka akijisikia. Siku reli ikifika Kasulu, na mimi nitafika." Watu wakacheka, nami nikacheka. Baadaye nikaona kumbe hukuwa unatania. Basi nakuarifu rasmi: reli imefika.

Usiinuke kwanza, goti litakuuma. Ni reli ndogo. Nyuma ya soko kuna fundi redio anaitwa Elia. Wazee wake walitoka Burundi zamani, yeye ni Mtanzania kama mimi na wewe. Siku moja nilimpelekea redio nikamkuta amelala kifudifudi sakafuni, anatazama treni ya kuchezea ikipita mbele ya pua yake. Nikaweka redio chini nikalala pembeni yake. Wa tatu wetu ni Alhaji Masudi, mwenye duka la vyombo kule Kibondo, asili yake Tanga. Kila Jumapili anakuja na kanzu yake safi na kurudi nayo ina vumbi magotini. Sokoni wanatuita wagonjwa wa treni, na hawajakosea.

Mwaka mzima tulikuwa tunangoja toleo jipya, treni ya umeme mfano wa ile ya Dar. Picha zilitangulia kwenye simu, tukabishana kana kwamba kiwanda kinatusikiliza. Alhaji alitaka honi. "Treni isiyolia ni bakuli tu," alisema, na bakuli anazijua. Elia alitaka kitu kimoja. "Ipande mlima. Ego, ndiyo, ipande tu, mengine tutayatengeneza hapa hapa." Maana karakana yake imejengwa mtelemkoni na reli inafuata sakafu. Treni zote za zamani zilikata pumzi chini ya dirisha. Mimi nilitaka behewa la mwisho liwe na gadi mwenye bendera. Walinicheka sana.

Mzigo ulikuja kwa basi, na mabasi ya njia ile yanapita Kibondo kwanza, kwa hiyo boksi likalala kwa Alhaji. Alituapia kwamba hakuligusa. Tukaipanga treni relini, Mwajuma na Zuhura wamesimama mlangoni. Honi ikalia, Baba, ungeipenda! Taa zikawaka. Ilipofika chini ya dirisha magurudumu yakazunguka pale pale, kisha treni nzima ikarudi kinyumenyume huku inapiga honi kwa furaha.

"Kumbe upya wake ni kurudi," alisema Mwajuma.

Elia akainusa. "Alhaji, hii treni imekula mboga?"

Magurudumu yote yalikuwa yanang'aa mawese. "Nilipaka kidogo tu," Alhaji akasema kwa unyonge. "Mlango wa duka ukilia si napaka hayo hayo? Nilisema isije ikateseka mlimani."

Tulicheka hadi Zuhura akaanza kulia. Tukaifuta kwa kipande cha kanga, bado ikateleza. Hapo nikakukumbuka wewe. Ulikuwa unatusimulia asubuhi za mvua, reli imelowa, dereva anamwaga mchanga mbele ya magurudumu, na wewe kule nyuma unasikia chuma kinashika. Nikawaeleza. Elia akachukua mrija wa kalamu na kizibo cha soda, akakijaza mchanga laini na kukigandisha mbele ya gurudumu. Tukaijaribisha pale mlimani tu. Ikapanda, Baba! Ikapita dirisha pole pole, inasaga mchanga kama mtu anayetafuna karanga. Alhaji akatoa takbira. Toleo jipya tulilolingoja mwaka mzima tukawa tumelimalizia wenyewe.

Nikataka tuizungushe karakana nzima. Elia akazima umeme.

"Habari ya mchanga umeitoa kwa nani?"

"Kwa Baba. Alikuwa gadi."

"Na treni inaondoka bila gadi?"

Nikasema haiondoki. Alhaji akaunga mkono: "Basi tungoje mwenyewe." Kwa hiyo imesimama kwenye stesheni yake, imeandikwa KASULU kwa rangi nyeupe juu ya kipande cha bati. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa, na Alhaji mikono inamuwasha. Mjukuu wako kila tukipita anauliza mbona haiendi, na mama yake anamjibu, "Gadi hajafika." Juzi alikaa chini kumngoja. Tulimbeba akilia.

Panda treni hadi Kigoma, nitakupokea stesheni. Kutoka pale ni gari, najua, lakini dereva nimeshamwambia hatatia gia mpaka upige filimbi.

Nisalimie dada Rehema anayekuvumilia, na mwambie asali yake iko njiani. Shangazi Mwanaidi mpe shikamoo zangu, na mzee Kapela, jirani yako wa bao, mwambie akupe likizo. Mama mkwe wa Kagerankanda anakusalimu kwa Kiha, "Mwakeye", na ameshachagua jogoo.

Mimi mwanao,
Hamisi

Lete bendera ya kijani. Nyekundu iache Tabora.