Duka Lililoshika Mtu

Duka la Vitambaa la Abdulkadir,
S.L.P. 61,
Mutomo.

9 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Tariq,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Doha halijakumaliza. Ule mguu uliokuwa ukivimba kwa kusimama lindo umepoa? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ila magoti yanamsumbua, na ukimwambia apumzike anakuuliza wewe ni daktari wa wapi.

Huku jua ni kali na mbuzi wamekonda. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Mama husikiliza kila simu yangu, na haya ya leo sitaki ayasikie. Binamu yetu Jamal anarudi huko Jumapili, atakuletea.

Unakumbuka ulivyonihubiria habari za kufuli, taa ya nje na kamera, kana kwamba wewe ndiye mlinzi wa kwanza duniani? Kufuli nilinunua mbili. Taa niliweka. Kamera nikasema baadaye. Mwezi wa saba wezi wakakata mabati ya duka la dawa za mifugo la Musyoka, na wiki mbili baadaye wakavunja kwa fundi wa simu. Letu hili alilotuachia Baba liko katikati ya hayo mawili na halikuguswa.

Watu wakaanza kulitazama kwa jicho lingine. Kanyiva, yule mshonaji wa mlango wa pili, akaniuliza kwa nini nachoma udi kila jioni kabla ya kufunga. Ningemwambia ukweli, kwamba naondoa harufu ya panya kwenye vitambaa, mambo yangeishia hapo. Lakini unaujua mdomo wangu. Nikamtania kwamba duka letu halilali peke yake. Kufika siku ya soko, habari zilikuwa zimefika hadi Ikutha kwamba wale Waislamu wa Mutomo wamefuga jini dukani.

Nami, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikazidisha udi. Nikawa nikifunga naaga kwa sauti, "Haya, nawaachia," ili wapita njia wasikie. Niliona nimepata mlinzi asiyesinzia.

Jumanne iliyopita Kanyiva alinigongea alfajiri. "Mama Fahima, kuja haraka," akasema. "Duka yako imeshika mtu."

Nilikuta umati mzima umenyamaza, na wewe unajua soko letu halinyamazi. Mwanamume wa makamo aitwaye Kitonga alikuwa amepiga magoti mlangoni. Kufuli ya nje alikuwa ameikata, kisha akaingiza mkono kwenye lile tundu la mlango wa chuma tunalopitishia mkono kufikia kufuli ya ndani. Mkono ulikuwa umezama hadi kwenye kiwiko na hautoki. Jasho lilimtiririka katika baridi ile ya asubuhi. Alisema ameshikwa.

Watu walikuwa na mawe na tairi. Hawakumgusa kwa sababu moja tu, walimwogopa jini. Walikuwa wananisubiri mimi nimwachilie, ndipo wamchome. Musyoka aliniambia hivyo waziwazi, kwa sauti ya upole kabisa. Uongo wangu ndio uliomfunga mtu yule pale, na nikimfungua wanamuua.

Nikaleta maji, nikayamimina kwenye tundu huku nikisoma Fatiha kwa sauti. Kisha nikawageukia watu, nikasema uongo mkubwa kuliko ule wa kwanza.

"Nimemwachilia. Lakini atakayemgusa leo, atashikwa yeye."

Mkono ukatoka taratibu, umevimba, hauna hata mkwaruzo. Umati ukapasuka katikati. Niliyasikia mawe yakidondoka chini moja moja. Nikamsindikiza mwenyewe hadi kituo cha polisi, na hakuna aliyetukaribia.

Njiani nilikuwa nikijituliza kwamba ni hofu tu, kwamba alikunja ngumi juu ya kufuli ikamkwama tunduni. Tulipofika langoni akasimama, akaniambia bila kunitazama, "Mama, huyo mzee wa ndani umwambie anisamehe. Usiku yote ameshika mkono yangu akiniuliza kama nimekula. Na mimi nilikuwa sijakula siku mbili."

Tariq, mtu yule ni mgeni, hakuwahi kumwona Baba. Huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike Baba. Na wewe unajua ni nani katika soko hili zima aliyekuwa hataji bei ya kitambaa kabla hajamuuliza mteja kama amekula.

Sijamwambia mtu. Udi nimeacha, na habari za kamera usiniletee tena, maana sitaki kuona itakachonionyesha. Jana jioni nilisimama mlangoni na funguo mkononi hadi giza likaingia. Wezi siwaogopi tena. Kilichonishinda ni kugeuza ufunguo nikijua huenda namfungia Baba humo ndani peke yake, na mimi naenda zangu nyumbani kula.

Nishauri, ndugu yangu, wewe unayelinda milango ya watu.

Mama anakusalimu sana. Fahima anakusalimu na anakukumbusha viatu vyake vya shule. Kanyiva naye anakutakia heri. Mungu akupe afya, akurudishe kwetu salama, na akuepushe na kila la shari.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,

Salama