Kisanduku Kimepoa, Dada

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima, na mgongo umekuachia kidogo baada ya zile zamu mbili mfululizo. Huku tunapumua. Mama anakula vizuri, hata mashavu yamemjaa. Mimi nimechoka, dada, sikufichi. Naamka nimechoka kabla sijafunua shuka. Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu haya ninayotaka kusema hayasemeki nikikutazama kwenye kioo cha simu.

Umeniuliza mara tatu habari za kile kisanduku ulichotutumia, kile kikompyuta kinachokaa kati ya waya wa mtandao na nyumba yetu kuwazuia matapeli, tangu Mama alipobonyeza ule ujumbe wa zawadi na simu yake ikaanza kuwatumia watu picha zetu. Kazi yake kinaifanya, sina ugomvi nacho. Ubaya wake ni kwamba hakina feni. Ganda lake la alumini ndilo linalotakiwa kutoa joto lote, na kwa jua linavyopiga dirisha la sebule alasiri, kilikuwa kikichemka mpaka kinajizima. Na kilipenda sana kujizima Jumapili saa kumi jioni, wewe ukiwa katikati ya maneno.

Hebu fikiria aibu yangu. Miaka kumi na tisa natengeneza majokofu, nimepoza mabucha na vyumba vya kuhifadhia dawa, halafu kitu cha ukubwa wa kiganja kinanitoa jasho! Mwalimu, jirani yetu, alinishauri nikitie kwenye friji niache kujisumbua. Nilianza kwa kukihamisha kutoka nyuma ya televisheni, nikakisimamisha kwa ubavu ili hewa ipite. Joto likapungua nyuzi nne tu. Mama naye, nikigeuka tu, anakifunika kwa kitambaa cha kufuma, eti vumbi litakiua. Tulivutana wiki nzima, akashinda yeye.

Mwishowe nilikifungua. Ile dawa ya kupitisha joto, inayopakwa kati ya chipu na ganda, niliikuta imekauka kama uji wa jana. Tena chipu yenyewe haikuwa inaligusa ganda. Palikuwa na mwanya wa unene wa kucha, joto halina pa kutokea. Nikakata kipande cha shaba kutoka kwenye bomba la friji mbovu, nikakinyoosha kwa nyundo, nikakisugua kwa msasa mpaka kikaenea kwenye ule mwanya. Nikapaka dawa mpya juu na chini, nikakaza skrubu nne. Kutoka nyuzi tisini na mbili kilishuka hadi hamsini na nane. Nilikishika kwa mkono mzima nikacheka peke yangu. Ni siku nyingi sijaifurahia kazi namna ile.

Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita.

Najua utauliza: kama ni hivyo, mbona simu zimekuwa zikikatika Jumapili nne, na mimi nakwambia ni joto? Dada, kaa chini kwanza. Kisanduku hakijajizima hata mara moja tangu siku ile. Ni mimi niliyekuwa nachomoa waya. Zile nyuzi nilizokutajia, mara tisini na tano, mara tisini na saba, nilizitunga hapa hapa mezani. Na wewe ukanipa pole, ukaahidi kutuma kingine kikubwa. Tafadhali usitume.

Jumapili ya kwanza baada ya matengenezo mliongea dakika arobaini bila kukatika. Mama alikuuliza habari za kazi, mkacheka, nami nikajisifu kimoyomoyo. Ulipoaga, alinigeukia akaniuliza yule mama mpole ni nani, na kama naye ana mama yake. Nilidhani ananitania. Jumapili iliyofuata akataka kuniuliza tena, wewe ukiwa bado kwenye kioo. Niliona mdomo wake unafunguka, nikachomoa. Jina lako hajalisahau, analitaja kila siku. Ila huo uso wa mtu mzima hajui ni wa nani. Nimempeleka kwa daktari, akasema hali hii hairudi nyuma.

Nilikuficha kwa sababu wewe ni muuguzi. Unashinda ukiwaogesha wazee wa watu, na nilijua ungeelewa kwa sentensi moja tu. Nilitaka ubaki na mama yako kidogo zaidi. Badala yake nimekunyang'anya Jumapili nne, na huenda katika mojawapo angekukumbuka. Hilo ndilo linalonichosha kuliko kazi zote. Nisamehe, dada yangu.

Ukishaipata barua hii, piga Jumapili saa kumi kama kawaida. Waya sitaugusa. Akikuuliza wewe ni nani, mjibu mwenyewe, maana mimi nimeshindwa.

Mwalimu anakusalimu sana. Mama yuko hapa pembeni yangu, na nimemwambia nakuandikia wewe. Amesema nikwambie ukitoka shule uje moja kwa moja nyumbani, usizubae njiani, anataka kukusuka nywele.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba