Fimbo ya Hajira Iliyopakwa Mafuta

Kisarawe, 3 Juni 2024

Mwanangu Hajira,

Salamu nyingi. Hujambo huko Kwala, na kazi ya kiwandani? Mimi mzima, mgongo tu, nao nimeshauzoea.

Halidi wa bodaboda anakuletea fimbo yako ya pool uliyoisahau hapa. Wapo waliosema pool ni mchezo wa wahuni. Sasa mtaa mzima unajua Hajira wangu anacheza fainali, akishinda anaingia timu ya mkoa! Hata jirani yetu Mama Firdausi, aliyekuwa wa kwanza kukusema, ananiuliza fainali lini.

Fimbo nimeikuta imekauka, nikaipaka mafuta ya nazi kama mchi mpya, nikaianika siku tatu. Ile ngozi ya nchani ilikuwa imekwisha, ngumu kama ukucha. Mzee Mwinyijuma fundi viatu kaweka nyingine, nene, laini kama mkate wa kumimina. Nani ana mama kama mimi?

Mama yako

Kwala, 10 Juni

Mama, shikamoo. Mimi mzima. Mgongo uukande kwa maji moto.

Fimbo nimeipata, asante. Usinikasirikie, lakini kukuficha siwezi. Mafuta yanafanya mti unate vidoleni badala ya kuteleza. Jua limeipinda, nikiiviringisha mezani inaruka-ruka. Na ngozi laini inameza nguvu: nagonga, mpira unaenda kivivu. Ile ngumu nilikuwa nimeizoea.

Yasmin, tunayefanya naye kazi, ameniazima yake, ila ni nene mbele. Yangu nyembamba, nikiugonga mpira mweupe ubavuni, ulikuwa unakwenda nilikotaka. Kwa hii unakwepa kando. Fainali Jumamosi, na mpinzani wangu Abeid hakosei.

Mwanao Hajira

Kisarawe, 12 Juni

Mwanangu,

Salamu. Maji moto yamesaidia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira. Mie mti haujanishinda tangu nizaliwe! Ila hilo tuliache.

Sikia. Ukitwanga kwa mchi wa kuazima huoneshi mbwembwe. Unapiga katikati tu mpaka mkono uuzoee. Huo mpira nao upige katikati, ubavu achana nao. Halafu mtaa wote nimeshauambia utashinda.

Mama

Kwala, 16 Juni

Mama, shikamoo. Natumaini mgongo umepoa.

Nilipiga katikati, kama ulivyosema. Tukafika gemu nne kwa nne. Ya mwisho nikabakiwa na mpira mmoja na ule mweusi wa kumalizia. Ili mweupe ukae vizuri kwa mweusi, ilibidi niugonge ubavuni. Ukakwepa, nikakosa. Abeid akamaliza. Timu ameingia yeye.

Wakikuuliza, sema Abeid hodari. Ya fimbo usiyataje.

Hajira wako

Kisarawe, 18 Juni

Hajira wangu,

Salamu za mtaa wote, maana wote wamekuja kuuliza.

Nimeyataja. Nilisimama bombani, foleni ndefu, Mama Firdausi mbele yangu, nikasema: "Mwanangu hakushindwa na mtu. Fimbo yake niliiharibu mimi."

Akacheka. "Leo Mwanamkuu kakosea?"

"Nimekosea," nikamwambia, "tena kwa mafuta ya nazi safi. Haya, wa kwako, kwa fimbo ya watu, angefika nne kwa nne?" Akainamia ndoo yake.

Jumamosi nakuja kukuona ukicheza, hata kama si fainali. Mikono nitaiweka mapajani. Sigusi kitu.

Mama yako