Ushahidi Niliomletea Mwanaidi

Jumapili, jua linaelekea kuzama. Mvua imekatika tangu mchana lakini hapa Kiwalani maji hayajaondoka. Yamesimama uani mpaka kwenye kizingiti cha jikoni. Leo zamu yetu ya mgao wa umeme, kwa hiyo naandika haraka kabla mwanga haujaniacha. Sina raha. Nina aibu pia, na sijui pa kuipeleka.

Nianze na jana.

Tangu kiwanda cha nguo kilipotupunguza kazi, nyumba hii inalishwa na amplifaya moja ya kutoka Dubai, spika mbili za honi na betri ya gari. Nakodisha kwenye harusi, na siku hizi zaidi kwenye mihadhara ya dini. Waislamu wakinihitaji naenda, Wakristo wakinihitaji naenda, na pande zote mbili huniita fundi wetu. Nimesikia hoja za dini kuliko wengi waliozisomea. Kwa kawaida wanabishana Mungu ni wa nani. Jana walibishana kama yupo.

Aliyelianzisha ni mwalimu mstaafu, mtu wa Mtoni, aliyekuwa akifundisha siasa mashuleni. Amekuwa akisema barazani kwamba hakuna Mungu, na mteja wangu Ustadh Mbwana akamwita aje ayaseme mbele ya watu. Akaja peke yake, shati jeupe limepigwa pasi, hana hata wa kumpigia makofi. Nilimwonea huruma. Nikampa maikrofoni iliyo nzima.

Ustadh alianza na mimi. Akaninyooshea kidole pale nilipochutama na nyaya zangu.

"Jamani, mitambo hii ya Fundi Shabani imejiunga yenyewe? Nyaya zimejifunga zenyewe, asubuhi tukaikuta inaongea?"

Uwanja ukaangua kicheko. Nikacheka na mimi, maana mteja akikutania unacheka. Kisha akawakumbusha foleni za sukari za miaka ile ya shida. Kila mtu anamsubiri wa mbele yake, akasema, na wa mbele naye anamsubiri wa mbele yake. Kama foleni haina wa kwanza, nani atapimiwa sukari? Na sisi tumekwishapimiwa, tupo, tunapumua. Basi yuko wa kwanza ambaye hakumsubiri mtu. Ndege ikapita chini chini ikienda kutua, akanyamaza huku kidole kiko juu, ilipopita akaendelea palepale alipoachia.

Mwalimu aliuliza kitu kimoja tu, bila kejeli. Kama huyo fundi wa ulimwengu yupo, na ni mwema, na anaweza yote, mbona watoto wanakufa? Ustadh akajibu kwamba huo ni mtihani kwa waja. Watu wakapiga takbiri, mhadhara ukaisha.

Sikuinua kichwa. Zuhura wangu hakuwahi kufikia hata umri wa kuanza shule. Mtihani gani?

Malaria ilimpanda kichwani, tukampeleka hospitali, hakurudi. Ijumaa hii ni arobaini yake. Tangu tumzike, mama yake hajaswali. Mwanaidi ameukunja msala wake akauweka juu ya kabati, na habari ya khitma hataki kuisikia. Majirani wananong'ona kwamba mke wa fundi amekufuru. Kaka zake wa Buguruni wametamka wazi: Ijumaa ikipita bila khitma, wanakuja kumchukua dada yao akakae kwao asomewe. Mimi najua akitoka humu ndani sasa hivi hatarudi. Nyumba yenyewe imebaki na nini cha kumrudisha?

Ndiyo maana jana, tulipokuwa tunafungasha vyombo, nilimwomba Ustadh aje nyumbani. Nilimwita kama unavyomwita fundi bomba.

Amekuja leo baada ya adhuhuri. Mwanaidi akamwamkia vizuri, akamkaribisha jamvini, akamletea chai ya tangawizi. Ustadh amezoea uwanja, hata chumbani anaongea kama ana honi mbili nyuma yake. Nadhani mpaka nyumba ya tatu wamesikia. Akaleta mtambo na fundi. Akaleta foleni ya sukari. Nikamwomba airudie ile ya foleni, akairudia. Mwanaidi alikuwa anasikiliza, kanga ameikaza kichwani, anatikisa kichwa kukubali kila hoja.

Alipomaliza, mke wangu akasema, "Ustadh, nani kakwambia mie nasema hayupo?"

Akanitazama mimi.

"Mie najua yupo. Alikuwepo pale wodini. Nimemwomba mpaka sauti ikanikauka, akanisikia, akanyamaza. Na mie sasa nimenyamaza. Hatusemezani. Angekuwa hayupo, ningemnunia nani?"

Ustadh hakukemea, namshukuru kwa hilo. Aliweka kikombe chini, akasema pole dada yangu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilipomsindikiza mlangoni aliniambia, "Fundi, huyu mkeo hana shida ya ushahidi." Akaniangalia kidogo zaidi ya ilivyopasa, akapandisha kanzu, akaondoka akiruka madimbwi.

Nadhani amenijua.

Maana ni nani aliyeomba hoja ya foleni irudiwe? Si Mwanaidi. Tangu maziko nimekuwa nikiswali vipindi vyote vitano, safu ya mbele, watu wananisifu kwa subira. Ukweli ni kwamba nasema kwenye maikrofoni ambayo waya wake haujachomekwa popote. Naifahamu hali hiyo, ni kazi yangu. Kila Jumamosi natega sikio nikitumaini mmoja wao atasema neno litakalonirudisha, na kila Jumamosi nakunja nyaya nikiwa vilevile. Hata hoja ya fundi imenigeukia. Mimi nikitengeneza redio ya mtu ikaungua, kesho yake yuko mlangoni kwangu na redio mkononi, na lazima nimjibu. Nimemaliza misikiti yote ya huku nikiwa na redio yangu iliyoungua mkononi.

Nilisema nataka kumwokoa mke wangu. Nilikuwa najitafutia mwenyewe.

Aliporudi kuchukua vikombe, Mwanaidi aliongea bila kunitazama. "Baba Zuhura, Ijumaa nitapika. Watu waje wamsomee mwanangu. Ila mie amina sisemi, na mtu asinilazimishe."

Nikashusha pumzi. Kaka zake hawatamchukua. Ndicho nilichokuwa nakitaka, nimekipata.

Kisha akasema, "Sema wewe. Wewe bado mnasikilizana naye."

Nikasema ndiyo.

Nimeishi na mwanamke huyu tangu tuko vijana na sikuwahi kumdanganya jambo la maana. Leo nimemdanganya kwa neno moja, na akaniamini, akaenda zake uani kutafuta pa kuanika mchele.

Nikimwambia kweli, kwamba upande wangu hakuna aliyenyamaza, kwa sababu sioni kama kuna mtu, nitakuwa nimempokonya hata huyo anayemkasirikia. Na hasira hiyo ndiyo inayomwinua kitandani asubuhi. Ni mimi ninayemwona akiinuka. Nisipomwambia, atanitegemea nimwombee mtoto wetu kwa niaba yetu sote wawili.

Ijumaa dua itasomwa na mikono yote itainuliwa. Ya kwangu nitamwinulia nani?